Kutoka Taru hadi Kilindi: Siku Sita Nikifuata Tope la Bahari ya Kale

Siku ya kwanza: Taru hadi Mariakani

Kwa miaka 22 nilifundisha jiografia katika shule za Pwani, na kila mwaka, tulipofika kwenye miamba ya mashapo, nilichora ubaoni bahari yenye nukta nyingi zinazodondoka na mistari iliyonyooka chini yake, kisha nikawaambia wanafunzi kwamba tope la bahari kuu hutua chembe kwa chembe, taratibu, pasipo haraka yoyote. Nilipostaafu niliamua kuukagua mchoro huo kwa miguu yangu, maana nilikuwa nimeurithi kutoka kwa mwalimu wangu bila kuuliza swali.

Safari yenyewe si ndefu. Kutoka Taru hadi Mombasa ni kilomita zipatazo 80 kwa barabara kuu ya Nairobi, lakini umbali wake wa kweli ni wa wakati. Matabaka ya miamba ya Pwani yameinama kidogo kuelekea mashariki, kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine huku kila wa juu ukisogezwa kidogo upande wa bahari. Kwa hiyo anayeshuka kutoka bara hutoka kwenye mkeka mkongwe na kukanyaga ulio mdogo kwa umri, na anapofika Mombasa amevuka miaka inayokaribia milioni 300. Mpwa wangu, ambaye ni fundi wa mitambo ya intaneti mjini, alijitolea kuendesha gari kwa sharti kwamba nisisimame kwenye kila jiwe. Sharti hilo lilivunjika kabla ya saa nne asubuhi.

Pale Taru jiwe ni la mchanga mzito wenye changarawe, mchanga uliomwagwa na mito ya nchi kavu wakati Afrika, Madagaska, Bara Hindi na Antaktika bado zilikuwa bara moja, Gondwana. Maji ya Chumvi chembe zinakuwa ndogo, na jiwe linachanika kwa vipande vyembamba. Humo wanajiolojia walipata visukuku vya samaki, yaani mabaki yaliyogeuka mawe. Mariakani kuna jiwe la mchanga linalopasuka kwa mabamba, ambalo watu wengi wamelitandaza mbele ya nyumba zao bila kutazama migongo midogo ya mawimbi iliyoganda juu yake. Ni mawimbi ya maji mafupi, ya mito na maziwa. Tulilala Mariakani, na katika daftari niliandika mstari mmoja tu: siku nzima ya mashapo, bahari bado.

Siku ya pili: Mazeras na Rabai

Neno lenyewe "mashapo" lilinishughulisha njiani. Kabla wataalamu hawajalichukua, mashapo yalikuwa yale machafu yanayobaki chini ya kibuyu cha tembo la mnazi baada ya kinywaji kutulia, na mgema yeyote angeweza kukueleza kwamba hayakai sawasawa: ukikiinamisha kibuyu ghafla, yote huteremka kwa pamoja upande mmoja. Sikujua asubuhi hiyo kwamba mgema alikuwa ameutangulia mchoro wangu wa ubaoni.

Mazeras ni mahali pa mwisho pa mito ya kale. Jiwe lake la mchanga ni la chembe kubwa, la rangi ya manjano iliyofifia, na ndani yake hupatikana magogo ya miti yaliyogeuka mawe. Kusini ya hapo, jiwe la jamii hiyo hiyo ndilo linalobeba vilima vya Shimba. Ukishuka kutoka Mazeras kuelekea Rabai, kwa mwendo mfupi tu nchi inabadilika: mchanga unakoma, na badala yake linatokea jiwe chokaa la bluu iliyochanganyika na kijivu, lenye konokono, kombe na vipande vya matumbawe. Wanajiolojia hulitaja kwa jina la Kambe. Katikati ya mchanga na chokaa upo mpasuko mkubwa wa ardhi, ambao upande wake wa mashariki ulishuka.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko mpwa wangu alivyopenda, kwa sababu hapo ndipo ukingo wa bara ulipozaliwa. Katika nusu ya kwanza ya kipindi cha Jura, miaka milioni 200 hadi 175 hivi iliyopita, Gondwana ilianza kuvutwa pande mbili. Ganda la dunia likawa jembamba, likapasuka kwa mistari inayofuatana na pwani ya sasa, na vipande vyake vikazama kimoja baada ya kingine kama ngazi. Bahari ikaingia kutoka kaskazini. Madagaska, iliyokuwa imeegemea upande huu wa Kenya na Somalia, ikaanza kuteleza kwenda kusini, ikaacha nyuma yake shimo lililokuwa likipanuka, ambalo leo huitwa Bonde la Somalia. Shimo la namna hiyo halibaki tupu. Kila mto ulioelekea huko ulipata mahali pa kutupa mzigo wake, na uzito wa mzigo ukazidi kulididimiza, hata kaskazini, upande wa Lamu, mashapo yakarundikana kwa unene unaozidi kilomita 10.

Chokaa ya Kambe ni ya dakika za kwanza za mafuriko hayo, ikiwa mtu anaruhusiwa kuita mamilioni ya miaka dakika. Maji yalikuwa mafupi, safi na ya joto. Mahali pengine imehifadhiwa ndani ya misitu ya kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambamo sikuingia, kwa kuwa sikuwa na ruhusa ya wazee na jiwe la kando ya njia lilinitosha.

Siku ya tatu: Miritini na Changamwe

Leo nimepiga magoti nyumbani kwangu. Nimeishi Changamwe tangu nioe, na ukuta wa chumba cha wageni una ufa ambao kila mwaka hufumbuka wakati wa kiangazi na kujifumba mvua ikinyesha. Mafundi watatu walilaumu saruji, mmoja akamlaumu fundi aliyemtangulia. Kumbe mwenye makosa ni udongo unaotokana na tope la bahari ya Jura, ambao huvimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka.

P. V. Caswell, aliyechora ramani ya miamba ya eneo la Mombasa na Kwale na kuchapisha ripoti yake mwaka 1953, aliyagawa matabaka haya na kuyapa majina ya vitongoji: kuna tope-mwamba la Miritini, la Rabai, la Changamwe. Nakiri kwamba nilifurahi kama mtoto kuona kwamba mahali tunapolalamikia foleni za malori pana jina katika vitabu vya miamba. Kabla yake, katika miaka ya 1920, mtafiti McKinnon Wood alizunguka pwani hii akikusanya visukuku, na amonaiti alizozipata zililinganishwa na za nchi nyingine hata umri wa tope hili ukajulikana: ni la nusu ya pili ya kipindi cha Jura, takriban miaka milioni 165 hadi 150 iliyopita. Amonaiti ni jamaa wa pweza na ngisi waliobeba gamba lililojizungusha kama pembe ya kondoo. Walitoweka kabisa miaka milioni 66 iliyopita.

Tuliuchunguza ukuta wa udongo uliokatwa kando ya barabara, karibu na Miritini. Kwa mbali ni kijivu kitupu. Kwa karibu, baada ya kuukwangua kwa kisu, unaanza kusomeka: tope laini, upana wa kiganja, kisha utepe mwembamba wa mchanga, usiozidi unene wa kidole, kisha tope tena. Utepe ule ndio ulionizuia. Upande wake wa chini ulikuwa umekatika ghafla juu ya tope, kama mstari wa wembe, na chembe zake zilikuwa kubwa. Kadiri jicho lilivyopanda, chembe zilipungua ukubwa, mpaka mchanga ukapotea ndani ya tope la juu pasipo mpaka. Hakuna mvua ya chembe kwa chembe inayoweza kufanya hivyo. Kitu kilikuja kwa nguvu, kikapungua nguvu, kikaondoka. Utepe mmoja hautoshi kutaja mleta wake, maana tufani kali nayo huweza kuusomba mchanga wa pwani na kuutandaza juu ya tope la mbali. Lakini ulitosha kuufuta mchoro wangu.

"Mjomba, bahari ya hapa ilikuwa na kina gani?" aliuliza mpwa wangu.

Nilimweleza kwamba tope la Changamwe lilitua mahali ambapo mawimbi ya kila siku hayakufika, ila halikuwa katika vilindi vya mwisho. Anayetaka kukanyaga tope la kina kirefu zaidi bila kupanda chombo ashuke Tanzania, kati ya Kilwa na Lindi. Huko udongo wa bahari iliyokuwa na kina cha mita mia kadhaa umeinuliwa mpaka nchi kavu, na matabaka yake yameitwa Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande, majina ambayo msafiri wa basi la kusini anayafahamu. Ndani yake mna magamba ya foraminifera, viumbe wadogo kama chembe ya chumvi, ambayo kwa kuwa yalifungwa ndani ya udongo usiopitisha maji yamebaki maangavu kama kioo. Watafiti waliotoboa visima vifupi huko katika miaka ya 2000 walisoma ndani ya magamba hayo joto la bahari lilivyopanda miaka milioni 56 iliyopita, na lilivyoshuka miaka milioni 34 iliyopita, barafu ilipoanza kuifunika Antaktika.

Siku ya nne: mvua, na tangi la samaki

Mvua ilitufungia ndani tangu alfajiri. Mpwa wangu alileta tangi la kioo ambalo samaki wake walikufa zamani, nasi tukaliinua upande mmoja kwa matofali mawili, tukatandaza ubao ndani yake uwe mteremko, tukalijaza maji safi. Katika ndoo nilikoroga udongo wa uani na mchanga wa aina mbili, mpaka ukawa mzito kama uji wa mtama. Kisha nikaumimina kwa mkupuo kwenye upande wa juu.

Nilidhani utatawanyika na kuyachafua maji yote. Haukutawanyika. Mchanganyiko ule ulizama mara moja, ukashika mteremko, ukakimbia chini kabisa ya maji kama nyoka mwenye kichwa kilichovimba, huku maji ya juu yakibaki maangavu. Ulipofika sakafu tambarare ulipunguza mwendo, mchanga mzito ukaanguka kwanza, mwepesi ukafuata, na vumbi la tope likaendelea kuelea mpaka baada ya chakula cha mchana. Tulirudia mara tano. Katika kioo zikaonekana tabaka tano, kila moja nzito chini na nyepesi juu, kila moja nakala ya utepe wa Miritini.

Mholanzi Philip Kuenen alifanya majaribio ya namna hii kwa matangi makubwa zaidi, na mwaka 1950 yeye na Carlo Migliorini wa Italia waliandika kwamba mikondo ya tope inayoteremka chini ya bahari ndiyo iletayo tabaka zenye chembe zinazopungua ukubwa kwenda juu. Wakati huo wengi waliamini kwamba mchanga ni dalili ya ufukwe, na kwamba vilindini hakuna ila udongo laini. Mwaka 1962 Arnold Bouma, baada ya kuyapima mawe ya mchanga ya milima ya Alpi upande wa Ufaransa, alionyesha kwamba mkondo mmoja ukitulia huacha sehemu tano kwa mfuatano: mchanga mzito usio na mistari, mchanga wenye mistari iliyonyooka, mchanga wenye vijimawimbi, mistari membamba tena, na tope juu ya yote. Tabaka la aina hiyo huitwa tabidaiti. Si kila mahali utakuta sehemu zote tano. Karibu na mteremko hupatikana zaidi zile za chini, na mbali kabisa hubaki zile za juu tu.

Ushahidi ulioshangaza zaidi, hata hivyo, haukutoka kwenye mawe. Tarehe 18 Novemba 1929 tetemeko la ardhi lilitikisa mteremko wa bahari kusini ya Newfoundland, na nyaya 12 za simu za maandishi zilizolazwa chini ya Atlantiki zikakatika. Zile zilizokuwa karibu na kitovu zilikatika papo hapo. Zilizokuwa chini ya mteremko zilikatika moja baada ya nyingine kwa muda wa saa 13, kwa utaratibu wa umbali wao. Bruce Heezen na Maurice Ewing, wakiandika mwaka 1952, walizichukua saa za kukatika na kupata kutoka kwazo mwendo wa kitu kilichozikata: mkondo wa tope uliokwenda, kwenye mteremko mkali, kwa zaidi ya kilomita 60 kwa saa.

Hapo mpwa wangu aliweka kikombe chini. Kazi yake inategemea kebo za baharini zinazotua Mombasa tangu mwaka 2009, naye alikumbuka kwamba Januari 2020 kebo mbili za pwani ya magharibi ya Afrika zilikatika. Mkatizaji alikuwa mkondo wa tope uliotoka mdomoni mwa mto Kongo, ukashuka katika korongo la chini ya bahari na kusafiri zaidi ya kilomita 1,100. Mto ulikuwa umefurika wiki kadhaa kabla yake, ukarundika mchanga kwenye kichwa cha korongo, na mzigo ukangoja hadi ukaporomoka. Juu ya maji, baharia aliyepita hapo hangeona chochote.

Jioni nilifanya hesabu ndogo. Mbali na nchi kavu, katika bahari kuu, udongo mwekundu hujilimbikiza kwa milimita moja au chache tu katika miaka 1,000. Karibu na bara hutua upesi zaidi. Tuseme sentimita 5 katika miaka 1,000. Kwa mwendo huo, sentimita moja ya tope ni miaka 200. Tabidaiti ya unene wa sentimita 30 juu yake ni kazi ya saa chache, au siku chache ukilihesabu tope la mwisho. Kwa hiyo anayepima ukuta wa mawe ya ukingo wa bahari akidhani kila sentimita ina umri sawa na mwenzake anajidanganya vibaya: sehemu nene imepita kama usiku mmoja wa mafuriko, na karne zimejificha katika nyuzi nyembamba zilizo katikati. Wanafunzi wangu wote niliwafundisha kinyume.

Jambo hili lina thamani ya fedha pia, na watu wa kusini yetu wanalijua. Hazina kubwa za gesi zilizogunduliwa kuanzia mwaka 2010 katika bonde la Ruvuma, kaskazini mwa Msumbiji, zimo ndani ya mchanga ulioteremshwa kwa mikondo ya aina hii na kutandazwa vilindini, kisha ukafunikwa na udongo laini unaoizuia gesi kutoroka. Tangi letu la samaki lilikuwa na vyote viwili, mchanga na kifuniko. Gesi tu ndiyo iliyokosekana.

Siku ya tano: Mji wa Kale

Siku fupi. Nilikwenda Ngome ya Yesu kuutazama mwamba wa matumbawe ambao Wareno waliijenga juu yake kuanzia mwaka 1593. Mwamba huo ni kitoto mbele ya tope la Changamwe: una miaka ipatayo 125,000, wa wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa.

Nilichokuwa nikikitafuta hasa kilikuwa pembeni yake. Mlango wa Kilindini na ule wa Tudor ni mabonde ya mito yaliyozama. Miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu ilipokuwa imefunga maji mengi ya dunia, bahari ilishuka kwa mita zipatazo 120, na mito ya hapa ikachimba njia zake mpaka kwenye ukingo wenyewe wa bara, ikautupa mchanga moja kwa moja kwenye mteremko. Bahari ilipopanda, mabonde yakageuka hori, na mchanga mwingi sasa unanaswa humo na mikoko kabla haujafika mbali. Kwa sababu hiyo vilindi hupokea zaidi wakati bahari iko chini na hupumzika inapokuwa juu. Leo tunaishi wakati wa mapumziko, ingawa mto Sabaki, ambao hulipaka hudhurungi ghuba la Malindi kila mvua ikinyesha bara, hauonekani kukubaliana nami.

Siku ya sita: nje ya mwamba

Tulitoka alfajiri kwa mashua ya mvuvi ambaye nimenunua samaki kwake miaka mingi. Kusi ilikuwa imekwisha na kaskazi haijaanza, maji yametulia. Nilimwomba atie bildi, yaani ateremshe kamba yenye uzito ya kupimia kina, kila nitakapomwambia, naye akacheka, akasema wavuvi wa siku hizi wanatazama kioo cha mashine. Lakini alikuwa na kamba ya baba yake, iliyofungwa mafundo, na chubwi zito la risasi. Chini ya chubwi nilipaka shahamu ili ilete alama ya sakafu.

Ndani ya mwamba ilileta mchanga mweupe wa matumbawe. Nje kidogo, pima 15 (pima moja ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), mchanga ule ule uliochanganyika na vipande vya kombe. Pima 40 ilikuja na tope la kijivu lenye chembe chache za mchanga, laini kiasi kwamba nililipaka kwenye ukucha na halikukwaruza. Nahodha alinitazama kwa subira.

"Mwalimu, hili ni tope tu."

Nilimwambia kwamba nyumba yangu imejengwa juu ya ndugu yake. Hakuuliza zaidi.

Ubapa wa bahari fupi mbele ya Mombasa ni mwembamba mno. Kilomita chache kutoka mwambani sakafu inaachilia na kuteremka kuelekea bonde lile lililoachwa na Madagaska. Mwaka 1972 meli ya utafiti Glomar Challenger iliteremsha bomba lake mashariki ya pwani yetu, mahali penye kina cha zaidi ya mita 4,000, ikatoboa mashapo kwa zaidi ya mita 1,100 mpaka ikafikia yale ya kipindi cha Kretasia, kilichofuata Jura. Sisi tulikuwa na kamba ya pima 90.

Nilipoona maji yamegeuka kutoka kijani kuwa buluu iliyoiva, nilimwambia atie tena. Kamba ilikimbia mikononi mwake, fundo baada ya fundo, naye akihesabu kwa sauti kama alivyofundishwa: 60, 70, 80. Fundo la mwisho lilipita ukingo wa mashua, kamba ikakaza, na chubwi likabaki linaning'inia bila kugusa kitu. Aliishikilia hivyo kwa muda kidogo, akiitikisa ili kuhakikisha, kisha akaanza kuivuta, nami nikamsaidia.